Sarafu Niliyoisugua

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa dhahabu. Nilipewa sarafu saba za makuta, bakuli la majivu yaliyochanganywa na mchanga laini wa mtoni, na kipande cha gunia, nikaambiwa nisugue mpaka zing'ae. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimevaa kitenge nilichoazima kwa dada yangu, nikidhani nimekuja kukaa karibu na utajiri. Kumbe nimekuja kuosha vyombo. Nilisugua asubuhi nzima huku nikinung'unika kimoyomoyo.

Ninawaandikia ninyi mnaokaa kwenye meza ya kupimia dhahabu pale Mbarara sasa, kwenye kiti nilichokiacha juzi juzi. Mishahara na vyeo sitavigusa, maana vya kwangu vinaisha kwenye sentensi moja. Nitasema habari za dhahabu, habari za mizani, na habari za mama mmoja wa Nakivale niliyemkosea. Kiswahili changu mnakijua: kilizaliwa Kivu ya Kusini, kikanyooshwa na kanisa na wateja wa Uganda. Kikipinda fasi fulani, kinyoosheni wenyewe.

Aliyenipa zile sarafu alikuwa Papa Lushombo, mnunuzi wa dhahabu ya wachimbaji. Mtu mfupi, mkali, asiyependa salamu ndefu. Sarafu zenyewe zilikuwa fedha ya nchi yetu wakati ikiitwa Zaïre, lakini nilipoanza kazi hazikuwa zinanunua kitu. Bei zilikuwa zimepanda, noti zimeongezwa sifuri juu ya sifuri, mpaka sarafu zikadondoka njiani na watoto wasiiname kuziokota. Sisi wapima dhahabu ndio tulioziokota. Zilikuwa zimetoka kiwandani na uzito mmoja, basi upande mmoja wa mizani unaweka sarafu, upande wa pili dhahabu, na kwa vipande vidogo unatumia njiti za kibiriti. Kivu nzima ilipima hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

"Mutoto," Papa aliniambia siku hiyo, akiigeuza moja kwenye kidole, "hii makuta haiwezi kuleta ata ndizi moya. Lakini uzito yake, hakuna mukubwa wa serikali anaweza kuikatia."

Nilimwamini. Nilimwamini kwa mambo mingi, na karibu yote alikuwa na haki.

Alinifundisha jiwe jeusi. Unakwaruza dhahabu juu yake, inaacha mstari, unadondosha tone la asidi. Mstari ukibaki, ni dhahabu, umshike mteja mkono. Ukichemka kijani, ni shaba, na hapo umwambie mwenye nayo kabla hajaanza kuota ndoto. Alisema jibu la mpimaji linatoka saa ile ile. Ukilichelewesha, hata likiwa la kweli, mtu atajiuliza ulikuwa unafanya nini nalo.

Siku ambazo wachimbaji hawakushuka mlimani alinipa historia. Alisema wafalme wa zamani walipiga sura zao kwenye dhahabu, na watu wakaipokea bila kupima kwa sababu ya ile sura. Vita vikizidi na hazina ikikauka, mfalme alikata kingo za sarafu kidogo kidogo, au akachanganya shaba, halafu akatangaza kwamba sarafu ni ile ile. Baadaye yakaja mabenki na karatasi: ukipeleka karatasi dirishani, unapewa dhahabu. Nchi kubwa zilifunga fedha zao kwenye dhahabu kwa namna hiyo, hazikuweza kuchapa zaidi ya dhahabu ziliyokuwa nayo, au zilijifanya haziwezi. Bei zilitulia. Lakini dhahabu ikiwa haba, fedha nayo ilikuwa haba, na watu walikaa bila kazi huku mashamba yapo na mikono ipo. Mwishowe nchi iliyokuwa kubwa kuliko zote ikafunga dirisha, na tangu hapo karatasi za dunia nzima zinasimama juu ya imani tu.

"Na Zaïre yetu inasimama juu ya nini?" nilimwuliza.

Alicheka mpaka akakohoa. "Juu ya mashine ya kuchapa."

Haikupita muda, redio ikatangaza kwamba noti za zamani zimekufa. Watu walipewa siku chache za kuzibadilisha. Mama yangu alikuwa ameficha zake kwenye chungu, fedha ya mashamba ya miaka mingi. Alitembea mpaka mjini, akapanga mstari, na zamu yake ilipokaribia wakafunga mlango. Hakulia. Aliwashia moto wa jikoni kwa zile noti, moja asubuhi na moja jioni, mpaka zikaisha. Nilipoona hivyo niliapa kwamba mtu wangu yeyote atakayeniuliza aweke wapi jasho lake, nitamwambia dhahabu.

Papa alikuwa na sarafu nyingine, ya nane, aliyoifunga kwenye kitambaa. Haikusuguliwa wala kutumika. Mara moja kwa mwaka aliifungua, akalinganisha zile saba nayo, na iliyopungua aliitupa na kutafuta nyingine. Mimi niliona ni ushamba wa mzee, maana ile ya kitambaa ilikuwa nyeusi kama sufuria. Vita ilipofika kwetu tulikimbia mchana, kila mtu na lake. Papa alikataa kuondoka. Nilichukua mizani, jiwe, na zile sarafu zilizong'aa. Ile nyeusi niliiacha mezani.

Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Uganda, walinipa kiwanja, turubai na sufuria. Miaka miwili nililima maharage upande wa Juru kama kila mtu, mizani ikilala ndani ya mfuko wa unga. Halafu jirani aliniuliza kama herini zake ni za kweli, nikamjibu papo hapo, na habari zikatembea. Zilifika Mbarara kabla yangu. Mwenye duka mmoja la sonara akanitumia mtu, nikapanda gari kupitia Kabingo na jiwe langu mkobani. Alinipa pete tano nizipime. Mbili zilikuwa shaba. Yeye alijua ya moja tu. Ile ya pili alikuwa ameinunua mwenyewe kwa bei ya dhahabu. Aliniajiri akiwa bado amekasirika.

Wateja wetu wengi walikuwa wanajeshi wa kambi ya jeshi ya pale Mbarara na wake zao. Namkumbuka sajenti mmoja mstaafu aliyeleta pete aliyomnunulia mkewe alipokuwa kazini nchi za mbali. Mke alikuwa bado mlangoni, anasalimiana na mtu. Nilikwaruza, nikadondosha tone, mstari ukachemka kijani. Sajenti aliona.

"Mama," akaninong'oneza, "wewe ambia bibi yangu hii ni dhahabu. Basi. Hapana ongeza kitu."

"Afande, siwezi."

"Kwani wewe napata nini?"

"Sipati kitu. Lakini akirudi kesho na mkufu wake, ataniamini vipi?"

Mke akaingia, akauliza, nikamwambia. Aliitazama pete, akamtazama mumewe. "Miaka yote hii mimi naogopa kuvaa shambani!" akasema, na akacheka, Mungu ambariki. Sajenti hakurudi mwaka mzima. Aliporudi alikaa kwenye benchi, akanisimulia jinsi Uganda nayo ilivyobadilisha fedha na kukata sifuri mbili. "Jioni mimi iko na pesa ya ng'ombe mbili," alisema. "Naenda benki, natoka na ya ng'ombe moja. Na mimi iko na bunduki, nafanya nini?" Tulikuwa pale, Mkongo na Mganda, tukielewana kabisa.

Mfugaji mmoja wa Endiinzi yeye hakunielewa. Alikuwa amemsindikiza mtoto wake kununua pete ya harusi. Aliishika, akaipima kwa kiganja.

"Hii kitu yako nazaa?"

"Haizai, mzee."

"Nakamuliwa?"

"Haikamuliwi."

"Sasa mtu nakaa nayo ya nini?"

Nilimfungia mtoto wake pete. Nitawaambia pia jambo ambalo Papa Lushombo hakuniambia: dhahabu hupanda na hushuka kama kitu chochote cha sokoni. Kuna miaka ilishuka ikakaa chini, na waliolazimika kuuza wakati ule walilia mbele yangu. Kwa miaka mirefu inashika thamani. Kwa mwezi ule unapoihitaji, haikuahidi chochote. Mteja akiwauliza, mwambieni yote mawili.

Basi nifike kwa Mama Nabintu.

Alikuwa mjane, mtu wa kwetu, anauza nyanya na ndagala, wale dagaa wakavu, upande wa Rubondo, anaimba sauti ya pili kanisani. Akina mama kumi na wawili wa kanisa letu walikuwa na likelemba, kikundi cha kuweka akiba, kila mtu anatoa kidogo baada ya mavuno. Wote walikuwa wameona noti zikifa kwetu, na wengine walivuka mpaka na faranga ambazo upande huu hazikununua hata chumvi. Waliniuliza waweke wapi. Mnajua nilivyojibu. Tukakubaliana kila anayeweza anunue kipande cha dhahabu, herini iliyokatika au punje kutoka kwa ndugu, mimi niiyeyushe na kuisafisha, kisha tuipime pamoja na kuitia kwenye kichupa cha dawa ya sindano. Kichupa kitunzwe na Nabintu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta na uongo.

Nilitaka tupime kwa mizani ya umeme ya dukani. Walikataa.

"Ile mashine ya mataa tunaiogopa," alisema Mama Solange, mwenyekiti wao. "Betri ikilegea, nani atajua? Leta makuta yako tuone na macho."

Nilifurahi, niseme ukweli. Makuta ndiyo yalikuwa diploma yangu. Kila Jumamosi ya kupima niliamka nikaisugua sarafu yangu, moja iliyobaki kati ya zile saba, kwa majivu na mchanga, kama siku ya kwanza, mpaka ikang'aa na kila mama akaipitisha mkononi. Dhahabu ikifikia uzito wa sarafu, tulisema "moja", ikaingia kwenye kichupa. Punje iliyobaki ilianzisha sarafu inayofuata. Miaka ilienda hivyo, na siku tuliyofika arobaini walipiga vigelegele.

Kisha posho ikapunguzwa Nakivale, na kutembea mbali kwenda kusagisha kilo chache za mahindi ikawa mateso. Wakaamua kuuza dhahabu wanunue mashine ya kusaga unga. Tulikwenda Mbarara wanne: Nabintu na kichupa kifuani, Mama Solange, mama mwingine mmoja, na mimi. Mwenye duka letu hakuwa na uwezo wa kununua yote, tukaenda kwa mnunuzi wa mtaa wa pili.

Mnunuzi alimimina dhahabu kwenye mizani ya umeme. Nilijua gramu za sarafu moja tangu enzi za Papa, nikazidisha mara arobaini kichwani. Namba kwenye kioo haikufika. "Rudia," nikasema. Alirudia. Alileta mizani nyingine. Namba ilikuwa ile ile: sarafu thelathini na saba na njiti chache.

Mama Solange aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. "Kichupa kilikaa kwa nani?"

Wote tulijua. Nabintu alishika kifua, mahali kichupa kilipokuwa.

"Sikugusa ata punje," alisema. "Mungu iko anaona."

Dhahabu iliuzwa. Na hapa mcheke kama mnaweza: bei ilikuwa imepanda sana tangu tuanze, na shilingi zilizopatikana zilitosha mashine, injini yake, na mabati ya kibanda. Kila mama alikuwa amepata zaidi ya alichoweka, mbali sana. Hakuna aliyeitazama bei. Njia nzima ya kurudi, nilivyosikia baadaye, walizungumzia zile sarafu tatu tu.

Mimi sikurudi nao siku hiyo, nilikuwa na kazi mezani. Saa tisa mchana duka lilitulia. Nilitoa sarafu yangu mkobani, nikaiweka kwenye mizani ya umeme. Kitu ambacho sikuwahi kukifanya miaka yote ile, kwa kiburi tu, wala sina neno lingine. Ilikuwa nyepesi. Niliipapasa kwa kidole: sura ilikuwa imefutika, kingo zimekuwa laini kama kifungo cha shati. Majivu na mchanga vilikuwa vimeila Jumamosi baada ya Jumamosi, na mimi ndiye niliyevishika.

Nilielewa yote nikiwa nimekaa. Hakuna punje iliyopotea. Sisi tulihesabu moja, mbili, tatu, na kila "moja" ilikuwa ndogo kuliko ile iliyotangulia. Tulikuwa na namba kubwa na dhahabu ile ile. Nilikuwa nimewafanyia akina mama wangu kile ambacho wafalme wa Papa Lushombo walifanya, na ambacho serikali ilimfanyia mama yangu, tofauti yake mimi sikupata faida hata ya kula mandazi. Nilikuwa nimeiacha mezani, kule kwetu, sarafu ambayo ingeniambia mapema.

Niliirudisha mkobani na nikakaa kimya.

Mtaniuliza kwa nini. Niliogopa. Miaka mingi watu walileta pete za ndoa, mahari, urithi, na neno langu lilikuwa la mwisho. Nikisema sarafu ilikuwa mbovu, kila mtu aliyewahi kupimiwa nayo angerudi mlangoni. Nilijiambia nitafute kwanza maneno mazuri. Nikajiambia mambo yatapoa. Sajenti nilimvunjia pete yake mbele ya mkewe kwa dakika mbili, bila huruma. Kosa langu mwenyewe nililikalia.

Mambo hayakupoa. Jumapili ya kwanza Nabintu aliombwa asisimame na kwaya mpaka mambo yajulikane. Wiki ile mama wawili walifukua udongo chini ya kitanda chake, naye akawashikia taa ya simu waone vizuri. Jumapili ya pili watu walikuwa wameacha kununua ndagala zake. Zilikaa juu ya meza mpaka zikanuka. Jumapili ya tatu familia ya kijana aliyekuwa amemposa binti yake ilituma neno kwamba haina haraka.

"Batu banasema alikata kidogo kidogo," akina mama waliniambia, "wewe unayejua dhahabu, inawezekana?" Nikasema dhahabu ni kitu kigumu kusemea. Ndiyo jibu nililotoa, mimi, mpimaji.

Jumapili ya nne nilisimama baada ya matangazo, kabla mchungaji hajafungua kitabu. Nilikuwa nimekuja na mizani yangu na sarafu mbili: ya kwangu, na nyingine ya makuta niliyoipata kwa mzee mmoja wa Ngarama aliyeitunza tu kama kumbukumbu. Niliziweka pande mbili. Ile ya mzee ikashuka, ya kwangu ikapanda juu, na kanisa zima likaona.

"Nabintu hakuiba," nikasema. "Hakuna aliyeiba. Dhahabu yenu yote ilikuwamo. Sarafu yangu ndiyo ilikonda, na niliikondesha mimi kwa kuisugua. Nisameheni."

Kulikuwa na kelele, kisha kilio. Mama Solange alikuwa wa kwanza. Alikwenda akapiga magoti mbele ya Nabintu, akamshika miguu, na wengine wakamfuata. Mtu alianzisha wimbo. Nabintu aliinua mkono, wimbo ukakatika. Aliwapita wote waliopiga magoti, akaja kusimama mbele yangu.

"Mama Furaha," alisema, "ulijuaka tangu siku gani?"

Ningeweza kusema jana. Hakuna angejua. Midomo yangu ilikuwa tayari imeanza.

"Siku ile ile ya Mbarara," nikasema. "Saa tisa mchana."

Alifikiri. "Ile siku ya tatu nilikuya kwako nyumbani, nikakuomba uniombee neno kwa bamama. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanipa chai."

"Nilikupa chai."

"Ukaniambia nisali."

Alinitazama muda mrefu, bila hasira, na ningelipa chochote apate hasira. Kisha akarudi kukaa na binti yake, na mchungaji akasema tusimame.

Posa ilirudi. Ndagala zinanunuliwa. Akina mama walimkabidhi Nabintu ufunguo wa mashine ya kusaga, na hakuna aliyewahi kupewa kitu kwa makofi mengi kama yale. Mimi niliendelea mezani miezi michache, nikipima kwa mizani ya umeme, na kila mteja aliyeniuliza nilimwambia habari ya sarafu kabla hajanipa chake. Wengine waliondoka. Kisha nikawaachieni kiti.

Sasa ninakaa Nakivale siku zote, na mahindi yangu nayapeleka kwa Nabintu. Ananisagia vizuri, unga laini, hapunguzi hata kiganja. Akimaliza ananifungia mfuko, ananipa kwa mikono miwili, na kusema, "Karibu tena, mama," kama anavyomwambia mteja yeyote. Zamani aliniita dada.